Shingo ya Msimu wa Juzi

Reino Salmela hakuwa mtu wa maneno mengi. Waliomzoea pale Kaltio, mji mdogo wa kaskazini, walijua kwamba akitaka kukwambia jambo zito atakuuliza kwanza kama umeshakunywa kahawa. Alikuwa mchomeleaji. Ujana wake aliumalizia kwenye karakana ya mgodi wa shaba, na mgodi ulipofungwa wenzake wakatelemka kusini kwenye viwanda vya magari, yeye akabaki, kwa sababu Ardis, mkewe, alisema hawezi kuishi mahali ambapo jirani hana sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Wakaendelea kukaa kwenye nyumba ileile ya mgodi, katika ile safu ya nyumba zinazofanana kama mapacha, na nyuma yake banda. Kila nyumba huku ina banda. Humo mtu huweka mashine ya kufulia iliyokufa, misumeno isiyo na meno, milango ya gari ambalo lenyewe halipo tena, na ukimuuliza ya nini atakwambia subiri, utaona siku itakapohitajika.

Ardis ndiye aliyemtoa ndani. Alichoka kumwona ameketi dirishani akihesabu malori ya kuzoa theluji. Mwalimu Paula Stimac, anayefundisha hesabu kwenye sekondari ya pale, alikuwa akitafuta mtu mzima wa kuwasaidia wanafunzi wa roboti, Ardis akampa jina.

"Mimi roboti sizijui," Reino alimwambia mwalimu siku ile ya kwanza, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Na wao kuchomelea hawakujui," akasema Mwalimu Paula. "Mko sawasawa. Ingia, unatupotezea joto."

Akaingia kwa alasiri moja, akakaa miaka.

Sasa mashindano haya ya wanafunzi yana sheria zake, na ipo moja ambayo mwanzoni ilimtia Reino hasira kabisa. Kila mwaka, Jumamosi moja ya Januari, mchezo mpya hutangazwa. Mwaka huu roboti zitarusha mipira, mwaka kesho zitapanga masanduku. Ni kuanzia Jumamosi hiyo ndipo roboti ya msimu hutengenezwa. Kitu cha kununua, kama mota au gurudumu au gia, ukikifungua kwenye roboti ya zamani kikiwa vilevile kilivyotoka dukani, ruksa kukitumia tena. Betri na waya zake, ruksa. Lakini ulichokikata mwenyewe, ulichokitoboa, ulichokikunja au kukichomelea kabla ya Jumamosi hiyo, basi, kimekwisha. Mchoro wake unaweza kuutumia ukishauweka wazi kwa wote kabla ya msimu. Chuma chenyewe lazima kiwe kipya.

Kwa mtu wa Kaltio maneno hayo ni kama kuambiwa utupe chakula. "Kitu kizima?" Reino aliuliza. "Kimekaa vizuri, hakina kasoro, tukitupe?" Mwalimu Paula akamweleza kwamba bila hivyo shule zenye nafasi zingetengeneza mwaka mzima, na wanafunzi wapya wangekuta kila kitu kimeshafanywa na waliotangulia, wao wabaki kufuta vumbi. Reino akakuna kichwa. Hakutupa kitu, lakini sheria akaishika. Vyuma vilivyomaliza msimu wake alivipanga kwenye stoo ya nyuma ya karakana, na wanafunzi wakaiita stoo hiyo makaburini.

Baadaye akaja kuipenda sheria hiyo, ingawa sababu yake hakumwambia mtu. Ilimaanisha kwamba kila Januari kazi inaanza sifuri, na kila Januari wanamhitaji tena. Hapakuwa na mahali pengine katika mji mzima palipokuwa na haja na Reino Salmela. Kanisani walimsalimu, dukani walimsalimu. Kwenye karakana ya shule walimsubiri.

Ndiyo maana mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, msimu wa kuwinda paa, alinyamaza.

Mwanzo alisema ni baridi. Halafu akasema ni kahawa, akapunguza kahawa, jambo ambalo lilimtisha Ardis kuliko mtetemeko wenyewe. Daktari wa mji mkubwa, Marquette, akamtazama akitembea, akamwambia agusanishe vidole, akamwambia aandike jina lake. Kisha akavua miwani, akaeleza taratibu kwamba hiki si kitu cha kupona, ni cha kuishi nacho, na kwamba kitazidi.

"Utawaambia kule shule?" Ardis aliuliza wakiwa njiani kurudi.

"Nitawaambia."

"Lini?"

Reino akawasha redio. Ardis hakurudia. Watu wa huku wanaweza kukaa na jambo ndani ya gari moja, kitanda kimoja na sauna moja miezi mingi bila kuligusa, na wala wasiwe wamegombana.

Januari ikafika, mchezo ukatangazwa. Mwaka huo roboti zilitakiwa kuokota makreti ya plastiki na kuyapandisha juu ya rafu ndefu. Wanafunzi walikuwa sita tu, maana watoto wa mji wenyewe wamepungua. Kiongozi wao alikuwa Kendra Tolonen, msichana wa mwaka wa mwisho, binti wa dereva wa lori la theluji, anayesema haraka na kutembea haraka. Dereva wa roboti alikuwa Brock Vertin, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Shingo!" Kendra alisema kabla hata tangazo halijaisha. "Ile shingo ya msimu wa juzi. Ndiyo yenyewe hii. Tuongeze urefu kidogo tu."

Msimu wa juzi walikuwa wametengeneza mtambo wa kunyanyua, mabomba membamba ya alumini yanayopanda kama shingo ya bata bukini. Reino ndiye aliyeichomelea, na ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote alizofanya pale. Wachomeleaji wa shule nyingine walikuwa wakija kuinama na kuitazama mishono yake, kisha wanaondoka bila kusema kitu. Mchoro wake walikuwa wameshauweka mtandaoni tangu kiangazi, kama sheria inavyotaka. Kilichobaki ni kukata mabomba mapya na kuchomelea upya.

"Babu," Kendra alimwambia Reino wiki hiyo, "mwaka huu ndio wangu wa mwisho. Uliniahidi utanifundisha alumini."

"Alumini ngumu."

"Ulisema hivyohivyo mwaka jana."

"Mwaka jana pia ilikuwa ngumu."

Brock akacheka hadi akashika meza. "Kendra, achana naye, huyo anaogopa utamzidi. Babu, siyo? Anakulia kazi yako huyu!"

Reino alitabasamu, mkono ameutia mfukoni. Alimwambia Kendra ajizoeze kwanza kwenye chuma cha kawaida, kwa sababu chuma hukuonya kwa kuwa chekundu, na alumini haikuonyi, imekaa vilevile, ghafla imedondoka. Hayo yote ni kweli. Lakini yeye alijua kwa nini anayasema. Kumfundisha mtu lazima ushike mbele yake, uvute mshono mmoja aone. Angevuta nini?

Akachukua mabomba mapya akaenda nayo nyumbani. Bandani kwake kulikuwa na mashine ya kuchomelea na mtungi wa gesi, na akaamini kwamba akiwa peke yake, bila macho ya watu, mkono utatulia. Haukutulia. Kazi ile mkono mmoja unashika kichwa cha moto na mwingine unalisha uzi wa alumini, na ncha ya sindano iliyomo kwenye kichwa hicho haitakiwi kugusa chuma, iwe juu tu, upana wa sarafu. Sindano ikagusa. Akaisaga, akaanza tena, ikagusa. Bomba likatoboka. Akajaribu kuegemeza kiwiko kwenye gogo, akajaribu kujifunga mkono kwa mkanda, akajaribu asubuhi kabla ya kahawa na jioni baada ya sauna, mwili ukiwa umelegea. Ardis alipomletea pasti ya moto, nyama na viazi ndani ya unga, alikuta sakafu imejaa mabomba yaliyotobolewa, na mumewe ameketi juu ya ndoo.

"Waambie, Reino."

"Wakijua, nitaenda pale kufanya nini? Kuwapikia kahawa?"

"Kwani kahawa ina ubaya gani?"

"Hata kumimina siwezi," akasema.

Mwalimu Paula alimpigia simu mara mbili kuuliza shingo imefika wapi, na mara ya pili akasema kwa upole kwamba yuko kijana mmoja wa Houghton mwenye karakana, anaweza kusaidia. Reino akasema hapana, inakwisha. Jumapili, watu wakiwa kanisani, akaenda shule na ufunguo wake, akafungua makaburini, akaitoa shingo ya msimu wa juzi, akaipakia kwenye gari na kuifunika turubai.

Kazi ya msasa na rangi haihitaji mkono uliotulia. Aliikwangua rangi nyekundu ya juzi, akaipaka ya buluu ya mwaka huo, akaongeza vipande vya kufunga kwa bolti ili ifikie urefu uliotakiwa. Wakati wote huo alijisemea maneno ambayo mtu wa huku hujisemea. Kitu ni kizima. Mchoro ni uleule. Mikono ni ileile iliyochomelea. Nani ameibiwa?

Alipoileta shule wanafunzi walipiga makofi. Brock akaipigia magoti. Kendra akaizunguka, akapitisha vidole kwenye mishono kama alivyozoea, akainama chini, karibu na mahali shingo inapofungwa kwenye mwili wa roboti. Vidole vyake vikasimama. Msimu wa juzi, akiwa mgeni kabisa, alitoboa tundu mahali pasipo pake kwenye kipande kile, akalia, na Reino akaliziba kwa moto bila kumwambia mtu. Uvimbe wake ulikuwepo palepale chini ya rangi ya buluu.

Akainuka, akamtazama Reino. Reino akatazama kikombe chake.

"Imetoka vizuri, Babu," Kendra akasema.

Hakusema zaidi, na jioni hiyo hakuzungumza haraka wala hakutembea haraka. Reino alijua kwamba amejua. Alingoja kesho yake amfuate amwulize, na keshokutwa yake. Angalimwuliza, Reino angalisema yote, mkono na daktari na mabomba, angalimshukuru hata. Lakini Kendra alikuwa ametoka kwenye watu walewale waliomlea Reino. Hakuuliza.

Mashindano yalifanyika Machi kwenye ukumbi wa mji mwingine, saa nyingi za basi kwenye barabara yenye kuta za theluji pande zote. Kila timu hupewa kibanda chake cha kurekebishia roboti, na kabla ya kucheza mkaguzi hupita kutazama ukubwa, uzito na vifaa. Wao walipata Bi Jolene Baptiste, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyewakagua miaka yote na kuwaletea biskuti.

"Haya, watoto wa Kaltio. Mbona hii shingo kama naifahamu?"

"Ni mchoro uleule, Bi Jolene," Brock akasema kwa furaha. Yeye aliamini. "Tuliuweka wazi tangu kiangazi. Tumeiongeza urefu tu."

"Ehe. Na chuma ni cha msimu huu?"

Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, kalamu tayari. Reino akafungua mdomo.

"Cha msimu huu," akasema Kendra. "Babu Reino amekichomelea bandani kwake, baada ya Jumamosi ya kutangaza mchezo."

Alisema taratibu, akimtazama mama yule usoni. Bi Jolene akabandika karatasi ya kuruhusiwa. Reino akaenda chooni, akafungua maji yakatiririka, akasimama pale mpaka mtu mwingine akagonga. Alikuwa ameona binti mwema akidanganya kwa ajili yake, tena vizuri, bila kusita, na hakuwa amemzuia.

Siku hiyo shingo ilifanya kazi kuliko walivyoota. Ilipanda, ikaweka makreti, ikashuka. Kaltio, ambao kwa kawaida huwa chini kabisa ya orodha, wakawa wa tano. Katika mashindano haya timu huungana kucheza, na timu kubwa zikaanza kutuma watu kibandani kwao kuwauliza kama wako tayari kucheza pamoja nazo kwenye fainali. Brock akawa anajibu kwa sauti ya waziri. Mwalimu Paula alilia kidogo, akasingizia mafua. Kendra tu ndiye hakucheka. Alikula biskuti moja ya Bi Jolene, nusu yake akairudisha kwenye kopo.

Siku ya pili, kwenye mchezo wa pili, shingo ilikuwa imefika juu na makreti matatu, ikasikika sauti kama ya kuvunja kijiti, na kichwa kikainama ubavuni. Makreti yakamwagika. Alumini huchoka. Imepigwa misimu miwili, inaonekana nzima, na ndani ufa unatembea. Reino alilijua hilo tangu alipokuwa kijana mgodini. Alilijua hata Jumapili ile aliyofungua makaburini.

"Ufa tu!" Brock alikuwa anasukuma kigari cha roboti huku anakimbia. "Mshono mmoja! Nje pale kuna trela la karakana, lina mashine. Kwa Babu hiyo ni kazi ya kumaliza kikombe cha kahawa!"

Kwenye trela, kijana wa kujitolea aliwaambia mchomeleaji wao amekwenda kula, lakini kama wanaye wa kwao, mashine iko tayari.

"Tunaye?" Brock akasema. "We, tunaye aliyewafundisha walimu wako. Babu, njoo. Pisheni hapo!"

Wote sita walisimama, na watu wa timu nyingine wawili watatu wakasogea, maana walishasikia habari za mishono ya mzee wa Kaltio. Reino akavaa ngao usoni. Alishukuru kwamba ngao inaficha uso. Akawasha. Sindano ikagusa chuma, moto ukakohoa. Akaisaga sindano. Akawasha tena. Akasikia mikono miwili ikishika kiwiko chake kutoka chini. Kendra alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya bati, amefumba macho kwa sababu ya mwanga, amekishika kile kiwiko kwa nguvu zake zote. Mtetemeko ukapita kwenye mikono yake pia. Ufa ukawa tundu, na tundu likapanuka.

Akazima. Akainua ngao.

"Siwezi."

"Ni baridi tu, Babu," Brock akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Pasha mikono. Nipe nikupashie."

"Si baridi, mwanangu."

Hapo ndipo walipoutazama mkono, na wakauona, na wakakumbuka kila kikombe alichokiacha mezani bila kukinyanyua. Kendra akasimama, akachukua kichwa cha moto.

"Niambie nifanye nini."

"Kendra…"

"Niambie, Babu. Niambie sasa hivi!"

Akamwambia haraka haraka, juu juu, kama mtu anayeelekeza njia huku basi linaondoka. Mguu kwenye kikanyagio, usikandamize, subiri dimbwi la alumini iliyoyeyuka ling'ae, sogea. Kendra hakuwahi kushika alumini. Tundu la pili likatokea kando ya la kwanza.

Bi Jolene akatokea mlangoni. Kila kinachotengenezwa upya lazima kikaguliwe upya, kwa hiyo alikuwa ameitwa. Aliinama na miwani yake. Moto ulikuwa umeikunja rangi ya buluu, na pembeni, ndani ya maungio mahali msasa haukufika, ilionekana nyekundu. Kila mtu kwenye mashindano yale alikumbuka roboti nyekundu ya Kaltio.

Bi Jolene alikaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni ya juzi," Reino akasema. "Niliichomelea msimu wa juzi, nikaipaka rangi. Mimi peke yangu. Watoto hawakujua."

"Hawakujua," Bi Jolene akarudia. Akageuza kichwa polepole kwa Kendra. "Jana nilikuuliza."

Kendra alitazama sakafu. Angeweza kusema hakujua, maneno ambayo Reino alikuwa ameshamwekea tayari. Midomo ilijaribu. Kisha akaweka kichwa cha moto mahali pake na kutoka nje ya trela bila koti.

Shingo ikatolewa. Michezo waliyoshinda nayo ikafutwa, na timu zilizokuwa upande wao zikapoteza pamoja nao, zikapita mbele ya kibanda chao bila kusalimu. Mvulana mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Waache, hao wanakula hadi makombo ya juzi." Brock, ambaye siku nyingine angemjibu maneno saba, alijifanya anatafuta bisibisi. Mchezo uliobaki walicheza na roboti isiyo na kitu juu, inayosukumasukuma makreti ya wenzao kama mbuzi. Wakamaliza wa mwisho.

Mwalimu Paula alikuwa amempendekeza Kendra kwa tuzo ya mwanafunzi bora wa mashindano. Kendra mwenyewe alikwenda mezani kwa waamuzi akaomba jina lake litolewe. Reino alimwona kwa mbali, mgongo wake tu.

Kwenye basi alikaa kiti cha mbele. Kama wangemtukana angejua la kufanya. Badala yake Mwalimu Paula akamfunika blanketi.

"Kwa nini hukuniambia?" akamwuliza.

"Nilidhani mtaniacha."

"Tukuache twende wapi, Reino?" Akalivuta blanketi likamfika mabegani. "Kijana wa Houghton angekuja. Wewe ungekaa kwenye kiti ungesema tu. Ningekuletea kiti mwenyewe."

Bodi ya shule haikumwadhibu mtu. Ilikaa, ikasikiliza, ikasema inasikitika. Wanafunzi wanne kati ya sita wanahitimu, mwalimu anakaribia kustaafu, na mambo yale ya Machi yaliwatia wazazi aibu. Kwa hiyo mwakani hapatakuwa na timu. Karakana itakuwa ya kuhifadhia viti. Mtu mmoja wa bodi, aliyefanya kazi mgodini na Reino, alikuja nyumbani kumwambia mwenyewe, akanywa kahawa tatu kabla ya kusema, na akiondoka akamshika bega. Reino alitamani asingemshika.

Mwezi wa Aprili wakaivunja roboti, kama inavyofanywa kila msimu ukiisha. Mota na magurudumu na gia vikafutwa na kuwekwa sandukuni. Vingepelekwa shule nyingine, maana vya kununua bado vina kazi. Vya kukatwa na kuchomelewa vikatupwa kwenye pipa la chuma chakavu, na shingo pia, imekatwa vipande vitatu ili ienee. Wengine walipokwenda zao, Kendra akabaki akifagia. Reino alikuwa amesimama kando ya mashine ya kuchomelea, hana la kushika.

"Kendra. Kuna gesi kidogo imebaki."

Akaendelea kufagia.

"Naweza kukuambia kwa mdomo. Taratibu. Sina haraka."

Reino alifikiri atakataa. Kendra akausimamisha ufagio ukutani, akavaa ngao na glovu, akavuta stuli. Reino akakaa kando yake, mikono katikati ya magoti, akaanza kusema. Alimwambia mahali pa kuegemeza mkono. Alimwambia apumue nje wakati anasogea. Alimwambia dimbwi linafananaje linapokuwa tayari, kama jicho la samaki mbichi, na sauti inakuwaje, mfululizo, isiyokatika. Kendra akatoboa kipande cha kwanza. Akatoboa cha pili. Akageuza cha tatu, akatoboa. Reino hakupandisha sauti. Alisema kwa muda mrefu, yeye ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, na kila kitu alichojua kikatoka kwa mpangilio, na akashangaa kwamba kinaweza kutoka kwa mdomo.

Kipande cha mwisho kikashika. Mshono ukaanza kwenda, tone juu ya tone, kama magamba. Kisha mtungi ukafoka, hewa ikaingia, moto ukawa mchafu. Gesi ilikuwa imekwisha.

Kendra akainua ngao. Ulikuwa urefu wa kidole tu. Akasubiri upoe, akausogeza kwenye mwanga.

"Ni mzuri huu?"

Reino akautazama, na alitaka sana uwe mbaya.

"Ni mzuri."

"Mshono kama huu ungeweza kushika? Kwenye shingo. Juu kule na makreti."

"Ungeshika."

Kendra akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyejibiwa hesabu.

"Kwa hiyo ningeweza," akasema. "Kama tungeanza Januari."

Hakusema kwa hasira. Akamwachia Reino kipande mkononi, akavua glovu, akaziweka moja juu ya nyingine, akavaa koti. Reino akatafuta neno, akatafuta hata la kahawa, hakulipata. Mlango wa karakana ukafungwa taratibu, jinsi wanavyoufunga watoto waliolelewa vizuri, na yeye akabaki ameketi, kipande kile cha alumini kikitikisika mkononi.